Kamba Iliyomeza Njia ya Ziwani

Bibi Ramani alikuwa amechoka. Si uchovu wa kazi, ule ambao unalala nao ukaamka umepungua. Ni uchovu wa watu. Alichoshwa na kamati ya mipango, ambayo kila ikikaa inakubaliana kukaa tena. Alichoshwa na bosi wake, aliyemtaka awe mpole kwa watu wanaomtukana. Na zaidi ya wote alichoshwa na mwanamume aliyempenda, ambaye ukimpelekea jambo zito kiasi gani atakutazama kwa yale macho yake ya upole, atakushika mkono, na kukwambia uvumilie.

Jina la Bibi Ramani hakupewa na wazazi wake. Alikuwa msanifu majengo wa halmashauri, na watu wa ufukweni ndio waliombandika siku ile ya kwanza aliposhuka kwao na mchoro wa kliniki ya wazazi kwapani. Mwanzoni lilikuwa utani. Sasa wakilitaja wanatema mate pembeni.

Kisa chenyewe ni hiki. Halmashauri ilitaka kujenga kliniki ya wazazi kwenye kiwanja kilicho wazi, juu kidogo ya ziwa. Kliniki hakuna aliyeipinga. Wanawake wa pale walikuwa wakijifungulia mbali, na wengine walikuwa hawafiki. Lakini pembeni mwa kiwanja hicho, kati yake na uzio wa jirani, ilipita njia ya kwenda ziwani. Ni njia ya watu wote, ya kuchota maji, ya kufua, ya kushusha mitumbwi. Bibi Ramani alipochora kliniki aliiacha njia hiyo, tena akaiacha pana, hata watu wenye mtumbwi begani wapite bila kugusa ukuta. Halafu mpima ardhi akaenda kupigilia vigingi na kuzungusha kamba mahali kuta zitakaposimama, kwa sababu halmashauri ile ilikuwa na utaratibu huo: wananchi waone kwanza kwa macho yao, ndipo kamati ipitishe.

Na wananchi wakaona. Waliona kamba imekwenda moja kwa moja hadi kwenye uzio wa jirani, na njia yao yote imo ndani ya kliniki.

"Njia ipo jamani," Bibi Ramani aliwaambia waliomfuata ofisini, akitandaza mchoro mezani. "Hii hapa. Oneni wenyewe."

"Mwanangu, karatasi haikatai kitu," mama mmoja akamjibu. "Sisi tumeona kamba."

Yeye akadhani ni ubishi. Akadhani hawajui kusoma mchoro, akawafundisha, wakazidi kukasirika. Hakushuka hata siku moja kwenda kuitazama hiyo kamba, na hapo alikosea. Lakini hakushuka kwa sababu mchumba wake alimwomba asishuke.

Mchumba mwenyewe alikuwa fundi mitumbwi, banda lake liko chini kabisa ya kiwanja kile kile, na watu wote walimwita Fundi tu, naye Bibi Ramani akamwita hivyo hivyo. Mama yake Fundi, aliyejulikana kwa jina la Mama Shuka kwa kuwa alifua mashuka ya nyumba za wageni za mjini, ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kuipinga kamba. Na alikuwa amesema, tena si kwa kunong'ona, kwamba mwizi wa njia hataolewa nyumbani kwake.

Basi ukiangalia, Bibi Ramani alikuwa ameshikwa pande zote. Kamati ikikataa, kliniki inapelekwa mji mwingine. Ikikubali, anampoteza Fundi.

Asubuhi ya ukaguzi alikuwa anapiga pasi blauzi yake huku shangazi yake, aliyemlea tangu udogoni, anamtazama kutoka mlangoni na kikombe cha chai.

"Leo ndiyo leo?"

"Leo wanakagua, na wakishakagua wanapiga kura pale pale. Wameapa hawaahirishi."

"Na huyo bwana wako atakuwepo?"

"Banda lake si liko pale, Shangazi? Ataenda wapi?"

"Sikuuliza kama mwili wake utakuwepo. Nimeuliza kama yeye atakuwepo."

Bibi Ramani akaigandamiza pasi kwenye kola bila sababu. "Usianze."

"Sijaanza, ninaendelea. Wiki mbili mama yake anakutangaza mwizi sokoni, kisimani, kila mahali. Yeye amesema nini?"

"Anasema nivumilie."

"Hilo ni neno la kuambiwa mgonjwa, mwanangu."

"Shangazi, ni mtu mpole. Hapendi ugomvi."

"Nani anapenda ugomvi? Hata mimi siupendi. Lakini mtu akimtukana mtoto wangu, nautafuta ulipo."

Bibi Ramani alicheka bila kutaka, kisha akakasirika kwa kuchekeshwa. Alivaa, akachukua mchoro wake, akatoka. Njiani alimfikiria Fundi kama alivyokuwa akimfikiria kila asubuhi. Alifikiria jinsi anavyopangusa vumbi la mbao kwenye benchi kabla yeye hajakaa. Alifikiria mikono yake, migumu kwa kazi lakini ikimshika usoni huwezi kusema ni mikono ya randa na nyundo. Alimpenda mwanamume yule. Alimpenda mpaka akajisikia mjinga.

Alipofika kiwanjani, gari la halmashauri lilikuwa limeshaegeshwa na wajumbe wa kamati wanashuka mmoja mmoja, wanalalamikia mchanga kwenye viatu. Watu wa ufukweni walikuwa wamejaa. Fundi alikuwa amesimama mlangoni pa banda lake, chini, na macho yao yakakutana juu ya vichwa vya watu. Alimtabasamia kidogo. Bibi Ramani akajikuta na yeye anatabasamu, kisha akakumbuka alikuwa amemkasirikia.

Ndipo alipoyaona mashuka. Mashuka meupe, yaliyolowa, yametundikwa kwa vibanio mstari mzima, juu ya kamba ya halmashauri.

"Samahani," alisema, akijaribu kuishusha sauti. "Nani ameanika kwenye kamba hii?"

"Mimi," Mama Shuka akajibu, akiwa na beseni kiunoni. "Kwani imekatazwa? Kamba imekaa bure, jua lipo, na mimi nina kazi. Au na jua limo kwenye ramani yako?"

Watu wakacheka. Hata mjumbe mmoja wa kamati alicheka, halafu akajifanya anakohoa.

"Mama, naomba uyaondoe tu ili wajumbe waone kamba."

"Nitayaondoa. Waone ulivyotufanya."

Mama Shuka akaanza kuvuta mashuka yake moja moja, bila haraka hata kidogo, na kila shuka lilipotoka kamba ikaonekana zaidi. Bibi Ramani aliifuata kwa macho. Akaifuata mpaka mwisho.

Njia haikuwepo. Kamba ilikuwa imefika kwenye uzio wa jirani, kigingi cha pembeni kimepigiliwa mguuni mwa uzio, na njia ya ziwani imo ndani, kana kwamba ni sehemu ya chumba cha kupimia watoto uzito. Wiki mbili nzima watu hawa walikuwa wanamwambia kweli tupu, na yeye anawafundisha kusoma mchoro.

"Mpima," aliita. "Kigingi hiki ulikipiga wewe?"

Mpima ardhi, mtu mnene mwenye kofia ya majani, alikuja akitweta. Akakiangalia kigingi. Akarudi nyuma, akakuna mchanga kwa kiatu upande wa pili wa njia, akakuna tena, mpaka tundu likaonekana.

"Mimi nilipiga hapa," akasema. "Hiki kimehamishwa."

Minong'ono ikaanza. Mwenyekiti wa kamati, aliyekuwa amekwisha tafuta kivuli, alikiacha kwa uchungu akasogea mbele. "Kimehamishwa na nani? Kuhamisha kigingi cha halmashauri si mchezo. Kamati haiwezi kukagua kitu ambacho hakijulikani kimefikaje kilipo. Nani amekihamisha?"

Bibi Ramani aligeuka, wala hakujua kwa nini aligeukia kule, akamtazama Fundi. Fundi alikuwa anatazama chini. Siku nyingine angesema ni aibu tu, mwanamume yule haoni raha mbele ya watu. Lakini alimjua. Alijua anavyotazama chini akiwa amechoka, na anavyotazama chini akiwa na haya, na huku kutazama kwa leo hakukuwa kwa uchovu wala kwa haya. Akamwomba kimoyomoyo: sema. Lolote unalolijua, sema sasa hivi, mbele ya watu hawa, na mimi nitakusamehe kabla hujamaliza.

Fundi akainua uso. Akamwona anamtazama. Akafungua mdomo.

"Labda ni watoto," akasema. "Walikuwa wanacheza cheza hapa."

"Watoto gani?"

Aliyeuliza alikuwa Mama Shuka. Alikuwa amesimama na shuka la mwisho mkononi, anamtazama mwanawe kama mtu asiyeamini alichosikia.

"Mama, hebu acha..."

"Watoto gani, nimekuuliza? Mwenyekiti, aliyekihamisha ni mimi. Kamba ilikuwa fupi, na shuka likilowa linaivuta chini linaburura mchanga, nalifua upya. Nikasema kigingi kisogezwe hadi kwenye uzio, kamba iongezwe, ikaze. Nilidhani hivi vijiti wamevichomeka tu kuonyesha kiwanja chao. Sikujua kama kijiti ndio ukuta." Akavuta pumzi. "Na siku ile ile jioni ndiyo nilisikia watu wanasema njia imechukuliwa, nikaja nikaona kweli imechukuliwa, nikapandwa na hasira. Sikuunganisha. Nawaapia, akili haikunijia kuunganisha."

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, jirani yake akampiga kiwiko.

"Lakini mimi kijiti kile sikukigusa," Mama Shuka akaendelea, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nguvu za kukigongelea sina. Nilimwita mwanangu aje na nyundo. Wewe. Wewe ambaye kutwa unapiga kamba kuweka alama ndipo upasue ubao. Wewe ulijua kamba ni nini?"

Fundi akapangusa viganja kwenye suruali.

"Nakuuliza mbele za watu kwa sababu mimi nimemtukana mtoto wa watu mbele za watu. Ulijua?"

"Wakati ule sikufikiria, Mama."

"Ukafikiria lini?"

Fundi akameza mate. "Jioni ile. Watu walipoanza kulalamika."

Bibi Ramani alisikia vizuri. Alitamani asingesikia. Jioni ile Fundi alikuja kwao, akaketi naye barazani, akamwambia watu wana hasira, usishuke kwa sasa, wacha mambo yapoe. Yeye akamlilia begani. Na Fundi akamfuta machozi kwa kiganja, polepole, na alikuwa anajua.

"Basi," Mwenyekiti akasema, akiitazama saa yake kwa matumaini, "kwa kuwa yamejitokeza haya, nadhani ni busara kamati iahirishe hadi..."

"Hapana."

Kila mtu akamgeukia Bibi Ramani. Hata yeye alishangaa sauti ilivyotoka.

"Mwenyekiti, kwa heshima zote, hatuahirishi. Tundu lipo, kigingi kipo, mpima yupo. Mkisema mrudi tena, mwanamke mwingine atajifungulia njiani wakati nyinyi mnatafuta gari la kuwaleta. Kirudishwe sasa hivi, mkague, mpige kura."

Hakungoja jibu. Alikamata kigingi kwa mikono miwili akakitikisa, kikagoma, akakitikisa tena huku blauzi yake iliyopigwa pasi inatoka kwenye sketi. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Kilipong'oka alikwenda akakichomeka kwenye tundu lake, akampokonya mpima nyundo, akakipiga mpaka mkono ukamuuma. Kamba ikarudi, njia ikatokea, wazi kabisa, kutoka barabarani hadi majini.

"Haya, tuione kama inapitika," akasema mzee mmoja wa mitumbwi, aliyekuwa bado hajaridhika.

"Inapitika," Mama Shuka akasema. "Na watakaoonyesha nawachagua mimi. Fundi, leta mtumbwi. Beba wewe mbele."

Fundi na mwenzake wa bandani wakautoa mtumbwi mpya, wakauweka mabegani, wakapanda nao njia yote mpaka juu na kushuka nao tena. Walipita bila kugusa kamba. Bibi Ramani alimtazama akipita karibu yake, shingo imekaza kwa uzito, jasho kwenye paji la uso, na alitamani kunyoosha mkono amfute. Hilo lilimuudhi kuliko yote. Akaikunja mikono kifuani.

Kamati ikapiga kura kwa kunyoosha mikono, na mikono yote ikapanda. Watu wakapiga vigelegele. Mwenyekiti akatoa hotuba kuhusu umuhimu wa ushirikishwaji, hakuna aliyeisikiliza.

Mama Shuka alikuja akiwa bado na beseni lake. Aliliweka chini kwanza.

"Mwanangu," akasema, kwa sauti ya kusikiwa na wote, "nimekukosea mbele za watu, na nakuomba radhi mbele za watu hao hao. Sina la kujitetea. Ukinisamehe, Jumapili nitakuja na Fundi kwa shangazi yako kuleta posa, kama tulivyopanga zamani, na huko nako nitaomba radhi."

Bibi Ramani alikuwa amejiandaa kwa matusi, si kwa hili. "Nimekusamehe, Mama. Hata mimi nilikuwa na kiburi. Mliponiambia, ningekuja kuangalia, tungemaliza siku ya kwanza."

"Nani alikuzuia kuja?"

Bibi Ramani akatazama chini, kule kwenye mtumbwi. Mama Shuka akageuza macho polepole kuelekea bandani, akatikisa kichwa, akachukua beseni lake akaondoka.

Fundi alikuwa ameketi ukingoni mwa mtumbwi. Alipomwona anashuka alisimama, akapangusa benchi kwa kiganja kama kawaida yake. Bibi Ramani hakukaa.

"Umeshinda," Fundi akasema, akijaribu kutabasamu.

"Ulijua."

"Nilijua, ndiyo. Lakini ningefanyaje? Nikimwambia Mama mbele ya wenzake kwamba kelele zote hizi ni za kamba yake mwenyewe, ataificha wapi sura yake? Nilitafuta namna. Kila siku nilikuwa natafuta namna."

"Ungekuja usiku ukakirudisha kigingi."

Fundi akamtazama kwa mshangao. Ilionekana wazo hilo halijawahi kumpitia.

"Ungeniambia mimi peke yangu," Bibi Ramani akaendelea. "Ningekuja na mpima kimya kimya, tungerekebisha, mama yako asingejua. Ungenong'ona tu, Fundi. Nilikuwa begani kwako hapa, sikio langu liko kwenye mdomo wako."

"Sikutaka kumuumiza mtu."

"Mtu aliumia. Wiki mbili aliumia, na wewe ndiye uliyekuwa unamfuta machozi."

"Nilikuwa nakuonea huruma, mpenzi. Kweli kabisa."

"Najua ilikuwa kweli. Ungekuwa unanidanganya ningekuchukia, ningekwenda zangu nikalala usingizi mzuri."

Fundi akamkaribia, akamshika mikono. Akaviona viganja vyake vimechubuka kwa ule mpini wa nyundo, akavigeuza juu, akavipulizia. Ilikuwa karibu amshinde hapo. Joto la pumzi lile lilimpanda mpaka shingoni, na kwa muda mdogo hakutaka kitu kingine duniani.

"Sasa si yamekwisha?" Fundi akasema taratibu. "Njia ipo. Kliniki imepita. Mama amekubali, tena ameomba mwenyewe kuja. Kile tulichokuwa tunakililia tumekipata. Tatizo limebaki wapi?"

Bibi Ramani akamtazama. Hakuwa anatania. Alikuwa anauliza kwa moyo mweupe, kama mtu anayeuliza njia, na macho yake yalikuwa yale yale ya upole.

"Wiki mbili hizi zote nilidhani kinachotuzuia ni mama yako," akasema.

"Na sasa Mama hatuzuii tena."

"Ndiyo. Hatuzuii tena."

Bibi Ramani akaitoa mikono yake mikononi mwa Fundi, kidole kimoja kimoja, kwa sababu haikutaka kutoka.

Mama Shuka alikuwa ameshaanika upya mashuka yake kwenye uzio wa jirani, bila ruhusa ya jirani. Alipomwona Bibi Ramani anapanda njia alimwita kutoka kule kule. "Mwanangu, hatujakubaliana. Jumapili nije saa ngapi?"

"Njoo asubuhi, Mama. Shangazi atafurahi, mtakunywa chai."

"Nitakuja mapema."

"Mapema ni sawa." Sauti yake ilitetemeka, akasubiri itulie, kwa sababu alijua Fundi amesimama chini anasikia. "Lakini njoo peke yako."

Mama Shuka akashusha kibanio alichokuwa amekishika. Akamtazama mwanawe kule bandani, akamtazama msichana aliyesimama njiani na blauzi iliyochomoka kwenye sketi, na hakuuliza kwa nini.

"Nimesikia, mwanangu," akasema. "Nitakuja peke yangu."